Msiniambie Tena Habari ya Kamera

Kila nikitaja barazani kazi yangu ya magari yanayojiendesha yenyewe hakosekani wa kunishauri: "Ongezeni kamera, gari litawaona watu wote." Juzi nimeambiwa tena, tena na mtu aliyesomea uhandisi! Basi naandika mara moja. Atakayerudia nitamtumia kiungo.

Kuona siyo kazi kubwa. Laida, chombo kinachopima kwa miale ya leza, hupima umbali usiku kama mchana, rada haijali mvua, kamera husoma rangi na taa. Zikifanya kazi pamoja, mtu aliye mbele atajulikana kwamba yupo. Kinachotutoa jasho ni swali jingine: sekunde tatu zijazo atakuwa wapi?

Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku anakokota baiskeli. Wengi huapa kwamba halikumwona. Lilimwona! Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali, walikuta vihisi vya gari vilimnasa sekunde 5.6 kabla. Kisha programu ikaanza kubabaika: ni gari, mara ni kitu tu, mara ni baiskeli. Na kila ilipombadilisha jina ilitupa kumbukumbu za mwendo wake, ikamhesabu kama kitu kilichozuka papo hapo. Sasa utajuaje anakoelekea mtu ambaye umesahau alikotoka? Isitoshe, haikuundwa kufikiria kwamba mtu huvuka hata pasipo na kivuko.

Pasipo na kivuko! Njooni Mwembe Tayari, hapa Mombasa, saa kumi na moja jioni. Hamali anakuja na mkokoteni uliojaa mitungi ya maji. Laida inaona ukuta wa plastiki na miguu miwili. Ni mtu? Ni gari? Mimi jina halinishughulishi. Nataka programu ishike kwamba kitu kile ni kizito, kinakwenda kasi hii, kuelekea huku, na isikiachie hata ikikipa majina kumi. Halafu kuna breki yake: kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma. Hamali akiinua mikono ya mkokoteni, tairi linaburuta lami. Dereva wa hapa akiona mikono imepanda, anajua jamaa anasimama. Gari lililofunzwa kwa picha za California litajulia wapi?

"Basi lisimame kila likiona mtu." Haya, kwa Digo Road litafika Makupa kesho, tena likiwa limegongwa nyuma na matatu. Dawa ni kupunguza mwendo mapema, shaka inapoanza. Kwa kilomita 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde kabla hata hujagusa breki. Kwa 30 ni kama nane. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, aina mpya za magari madogo zinazoombewa idhini lazima ziweze kujifungia breki kwa ajili ya waendao kwa miguu na wa baiskeli. Vizuri, lakini hiyo ni breki ya dakika ya mwisho.

Na kumbukumbu ya gari isiishe mtu akitoweka machoni. San Francisco, Oktoba 2023, mwanamke aligongwa na gari jingine akarushwa mbele ya gari la kampuni ya Cruise lisilo na dereva. Likamgonga, likasimama, kisha likajisogeza kando, likamburuta mita sita hivi. Alikuwa chini yake.

Linaloninyima usingizi ni mkono. Mtu wa hapa akiinua kiganja huenda anasema simama, huenda anashukuru, huenda anaita matatu. Tena gari likizoeleka kuwa pole mno, watu watalikatiza mbele siku nzima lisitoke hapo. Mwenzangu kazini anataka lijipenyeze kidogo kidogo kama tuktuk, watu walipishe. Mimi sitaki kabisa, ila kila akiniuliza litaondokaje Kongowea siku ya soko, sina hesabu ya kumjibu.