Ada ni ada, mfuko ni mfuko

"Mwalimu, mimi chama siingii. Sitaki hela yangu imfanyie mtu kampeni."

Sentensi hii nimeisikia mara tatu tangu shule zifunguliwe Agosti, mara ya mwisho kwenye maegesho ya magari, begi liko begani na njaa inaniuma. Mimi ni mwakilishi wa chama cha walimu katika sekondari moja hapa katikati ya Marekani, na kwa kuwa nasema Kiswahili, kila mwalimu mpya anayetoka Afrika Mashariki huelekezwa kwangu. Namweleza, anaitikia kwa kichwa, mwezi unaofuata ananiuliza lilelile. Safari hii naandika. Atakayenivizia kwenye maegesho nitamtumia haya.

"Ada yangu wanapewa wagombea"

Kama unamaanisha mgombea urais, Seneti au Baraza la Wawakilishi, hapana. Tangu sheria ya Taft-Hartley ya 1947 chama cha wafanyakazi hakiruhusiwi kuchota kwenye hazina ya ada na kumpa mgombea wa ngazi ya shirikisho. Kinachoruhusiwa ni mfuko wa pembeni, wenye akaunti yake, unaopokea hela ya hiari peke yake na kupeleka hesabu zake kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho. NEA, chama cha walimu cha nchi nzima chenye wanachama karibu milioni 3, kina mfuko wake. AFT, chama kingine cha walimu, wana wa kwao, wanauita COPE. Kama mchango unakatwa kwenye mshahara, hati yako ya mshahara itaonyesha ada mstari mmoja na mchango wa mfuko mstari mwingine. Kama huna mstari wa pili, na hujajaza fomu ya kutoa kwa kadi au benki, basi hujatoa hata senti. Huwa namwomba mtu afungue simu anionyeshe hati yake. Mstari haupo, fomu hajawahi kuiona, na bado ananibishia!

Kosa linakotoka nakujua. Kule Tanzania nilikuwa nakatwa asilimia 2 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya chama, na nilichokiona kwa macho ni fulana ya Mei Mosi. Aliyezoea makato ya namna hiyo akidhani kila kinachokatwa kinaingia chungu kimoja, simlaumu sana.

Hata huku uvumi una mzizi. Miaka ya 1970 NEA walikuwa na utaratibu wa kukata mchango wa siasa pamoja na ada, halafu asiyetaka ndiye ahangaike kuomba arudishiwe. Mwaka 1978 mahakama ya shirikisho jijini Washington ikasema hiyo si hiari, kwani aliyenyamaza hajakubali. Sasa ni lazima useme ndiyo kwanza, ndipo ukatwe. Kwa hiyo babu yako mkwe aliyefundisha Ohio zamani akikwambia "walinikata bila kuniuliza", huenda hasemi uongo. Anakusimulia habari za kabla hujazaliwa.

Wanaonichosha kuliko hao wote, hata hivyo, ni wawakilishi wenzangu, wanaotibu uongo kwa uongo. Wanasimama mbele ya walimu wapya na kutamka: "Hakuna hata senti ya ada inayoingia kwenye siasa." Inaingia! Ada inalipa mishahara ya watu wanaokwenda kuzungumza na wabunge kuhusu bajeti ya shule. Inalipia barua za kuwaarifu wanachama chama kinamuunga mkono nani. Tangu hukumu ya Citizens United ya 2010, hazina ya chama, sawa na hazina ya kampuni, inaweza kulipia matangazo ya kumsifu au kumponda mgombea, ilimradi chama hakikupanga jambo hilo na mgombea wala watu wake. Kura za maoni, zile za wananchi kukubali au kukataa pendekezo la sheria au katiba, nazo hazina mgombea, kwa hiyo ada inaweza kutumika huko. Novemba 2024 wapiga kura wa Kentucky, kaunti zote 120, walikataa kipengele cha katiba ambacho kingefungua njia kwa fedha za umma kwenda shule zisizo za umma, na vyama vya walimu vilitumia mamilioni ya dola katika vita ile. Ukimwambia mtu "hata senti", halafu akasoma habari kama hiyo gazetini, umempoteza, na safari hii ana haki ya kukukimbia. Chaguzi za majimbo nazo zina sheria zake, kila jimbo na lake. Anayekujibu kwa mkupuo mmoja kwa nchi nzima anabahatisha.

Mimi husema hivi: ada haifiki mkononi mwa mgombea wa shirikisho, inayofika mkononi mwake ni ile uliyoisainia. Na asiyetaka ada yenyewe, tangu hukumu ya Janus ya Juni 2018 mwalimu wa shule ya umma halazimishwi kukilipa chama chochote. Mlango uko wazi, wa kuingilia na wa kutokea.

"Nikikataa, mkuu wa shule ataambiwa"

Akuambiaye hivyo mwulize jina lake, uniletee. Anayeomba mchango wa mfuko analazimika kukueleza kuwa hela ni ya siasa na kwamba unaweza kukataa bila kulipiziwa kisasi. Kiwango kilichoandikwa kwenye fomu ni pendekezo. Toa zaidi, toa pungufu, usitoe. Uanachama wako unabaki palepale, na siku ukiitwa ofisini kwa mashtaka nitakaa kiti cha pembeni yako vilevile.

"Wanawanunua wabunge"

Mfuko wa aina hii unaruhusiwa kumpa mgombea dola 5,000 kwa kila uchaguzi, yaani 5,000 za mchujo na 5,000 za uchaguzi mkuu. Kampeni ya kiti cha Kongresi hula mamilioni. Kwa bei hiyo hununui mbunge. Labda unanunua simu yako kupokelewa. Kwamba sehemu kubwa ya hela huenda kwa wagombea wa Democratic, hilo ni kweli na halijafichwa. Kama linakukera, usisaini.

"Siasa haina kazi darasani kwangu"

Huyu namwuliza kama ana mwanafunzi mwenye ulemavu. Sheria ya elimu ya watoto hao ilipitishwa 1975, na Kongresi ikaahidi kubeba hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa. Ndiyo maana msaidizi mmoja wa mwalimu anagawanywa vyumba vitatu kama mkate wa msibani.

Mengine nayapitia haraka. Mchango huu haupunguzi kodi yako ya shirikisho. Kile kiasi unachoruhusiwa kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi kwa ajili ya vifaa vya darasani ni habari nyingine kabisa. Mchango si siri pia: ukivuka dola 200 kwa mwaka, jina lako, kazi yako na mwajiri wako vinaingia kwenye taarifa ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Piga hesabu kabla ya kusaini: dola 5 kwa malipo 24 ni 120, dola 10 ni 240. Kuna majimbo yasiyoruhusu mchango wa siasa kukatwa kwenye mshahara wa umma. Idaho walipopigwa kesi na walimu wa Pocatello, Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki jimbo mwaka 2009. Ukiwa katika jimbo la namna hiyo unatoa kwa kadi au benki. Na lile letu la "niandike mimi na mke wangu, nitalipa mwenyewe" acheni kwenye michango ya harusi. Kutoa hela yako kwa jina la mtu mwingine ni kosa la jinai huku.

"Nina kibali cha kazi, nakatwa kodi, basi naweza kuchanga"

Huwezi. Nawasihi wenye viza, hapa msinibishie. Asiye raia na asiye na grinikadi haruhusiwi kuchangia uchaguzi wowote, uwe wa shirikisho, wa jimbo, au wa bodi ya shule ya mtaani kwenu. Uwe na J-1, uwe na H-1B, uwe unasubiri kesi ya ukimbizi, ni vilevile. Mimi nikikuomba huku najua hali yako, nimevunja sheria pamoja na wewe. Na kosa kwenye karatasi za uhamiaji hukaa miaka.

Wengi hawaoni kuwa mchango si fomu peke yake. Tiketi ya bahati nasibu inayouzwa kwa ajili ya mfuko ni mchango. Fulana ni mchango, bei yote uliyolipa. Mwaka juzi, kwenye mkutano wa chama, mwalimu wa hisabati mwenye J-1 alinunua tiketi nne za dola 5 kwa moyo mweupe kabisa, akashinda kikapu cha kahawa na vikombe. Nilimvuta kando nikamweleza. "Kaka, lakini nimeshashinda!" Nikamrudishia dola zake 20 na kuandika maelezo kwa mweka hazina, tiketi zikafutwa.

Alinuna hadi jioni, kisha akaniuliza afanye nini basi, maana na yeye ana wanafunzi. Nikamwambia sheria inamruhusu kujitolea bila malipo, ilimradi asiwepo mezani tunapoamua hela iende kwa nani. Oktoba alikuja na chaja yake, akapiga simu kwa wapiga kura hadi saa mbili usiku. Kikapu kilikwenda kwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, ambaye hanywi kahawa.