Machozi ya uwanja wa ndege hayapimi urafiki

Nimeisoma tena ripoti inayosema msafara wa amani, yaani safari ya raia wa kawaida kwenda kufanya urafiki na watu wa nchi hasimu, umefaulu kwa kuwa watu walilia wakiagana. Jamani! Watu waliokula pamoja siku kumi na kulala kidogo watalia tu, wawe marafiki au wasiwe. Mimi nauliza miezi sita baada ya safari: nani bado anamwandikia nani, na wenyeji nao wameshaalikwa?

Samantha Smith, msichana wa jimbo la Maine, Marekani, alialikwa na Yuri Andropov, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, kuitembelea nchi hiyo Julai 1983, wakati nchi zao zilikuwa mahasimu. Andropov alikuwa mgonjwa, hawakuonana. Walizungumza kwa simu tu. Lakini katika kambi ya watoto ya Artek, Crimea, alikataa makazi ya heshima akalala bweni moja na wasichana wengine tisa, wakaogelea na kufundishana nyimbo. Watoto wanaojua Kiingereza waliwekwa makusudi katika jengo lake. Urafiki ulipangiwa mahali pa kuchipukia.

Kwa hiyo mgeni mmoja kwa nyumba moja, usiku nne au zaidi. Wakiwa wawili watazungumza wao kwa wao. Mkalimani abaki mikutanoni, jikoni asiingie. Siku moja iachwe bila ratiba. Anwani zibadilishwe siku ya pili, kwa sababu siku ya mwisho kila mtu anahangaika na mizigo. Zawadi ziwe ndogo; ya bei kubwa humwachia mwenyeji deni, naye ataona haya kuandika.

Grupu la WhatsApp la msafara halitoshi. Mle kila mtu anawashukuru wote, na baada ya wiki tatu kumekufa. Mwandikie mtu mmoja ndani ya wiki mbili, utaje jambo mlilofanya ninyi wawili, kisha umuulize swali analoweza kulijibu yeye tu.

Kinachoniudhi zaidi ni safari ya upande mmoja. Mwenyeji anapika, anatandika, anapigwa picha, basi. Mwaka 1987 Wamarekani na Wasovyeti walitembea pamoja kutoka Leningrad kuelekea Moscow. Mwaka uliofuata Wasovyeti wakaja kutembea Marekani. Ndivyo inavyotakiwa. Mkiwa na nauli za watu kumi na wawili, waende wanane, nauli nne ziwe za wenyeji. Barua za mwaliko ziandikwe kabla hamjaondoka, maana miadi ya viza huweza kuchukua miezi, na ubalozi utataka taarifa za benki ambazo mkulima au fundi hana.

Hata yote yakifanyika, nina shaka. Wanaojiandikisha ni wale ambao tayari wanataka amani. Na mtu anaweza kumpenda rafiki yake kwa dhati huku akisema, "Huyu si kama wenzake." Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pakiwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano na kuungwa mkono na mamlaka. Matatu ya kwanza mwandalizi anaweza kuyapigania. La nne liko mikononi mwa serikali mbili, na hapo bado sijaona njia.