Erykah Badu si muziki wa kutafutia usingizi

Kati ya wanaokuja kwangu kujifunza kuimba, hakuna mwimbaji wa Marekani anayetajwa zaidi ya Erykah Badu, na hakuna anayeeleweka vibaya kama yeye. Muulize mtu wimbo wake bora, atakujibu "On & On" au "Tyrone", kisha ataongeza kwamba anampenda kwa sababu muziki wake unatuliza. Hapo ndipo subira yangu inapoisha.

Dhana: Badu ni muziki wa kutuliza, na kilele chake ni Baduizm

Najua ilikotokea. Baduizm, albamu yake ya kwanza, ilitoka Februari 1997, Badu akiwa hajatimiza miaka 26. Besi nzito, ngoma zisizo na haraka, sauti nyembamba iliyowakumbusha watu Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa zamani. "On & On" ikampa tuzo ya Grammy, albamu nayo ikapata ya kwake, na picha ikaganda: kilemba kirefu, mshumaa, ubani. Ni albamu nzuri sana. Lakini anayeishia hapo amesimama barazani, nyumba hajaingia.

Sikiliza albamu yake Mama's Gun ya mwaka 2000. Wimbo wa kwanza, "Penitentiary Philosophy", unaanza na minong'ono inayopishana, mara bendi inalipuka, gitaa linakwaruza na Badu anapaza sauti hadi inapasuka. Nani alale hapo? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Electric Lady, studio aliyoijenga mpiga gitaa Jimi Hendrix jijini New York. Ni kipindi kile kile mwimbaji D'Angelo alikuwa akitengeneza albamu yake Voodoo na rapa Common akirekodi yake, Like Water for Chocolate, humo humo, huku wanamuziki Questlove, James Poyser na wenzao wakitoka kazi ya huyu kuingia ya yule. Ukiziweka albamu hizo tatu pamoja utasikia ndugu wa tumbo moja.

Humo pia mna "A.D. 2000". Wengi huupitia kama wimbo mwingine wa gitaa la taratibu. Herufi hizo mbili ni za Amadou Diallo, kijana mhamiaji kutoka Guinea aliyeuawa na polisi wanne mlangoni kwake, Bronx, Februari 4, 1999. Walifyatua risasi 41. Hakuwa na silaha. Badu anaimba kama marehemu mwenyewe anayejua kwamba hakuna jengo litakalopewa jina lake, na mwimbaji Betty Wright yumo pamoja naye. Sauti haipandi hata kidogo, na upole huo ndio unaoumiza. Mtu akiniambia wimbo huu unamtuliza, najua hajasikia neno hata moja.

Sasa "Green Eyes", ambao kwangu ndio wimbo wake bora kuliko yote, wala sitafuti wa kuniunga mkono. Unafunga albamu na unazidi dakika 10. Umegawanyika mara tatu. Mwanzo unakwaruza kama santuri ya zamani, jazi ya miaka ya 1930, na mwanamke anakana kabisa kwamba ana wivu: macho yake ni ya kijani (kwa Kiingereza, ishara ya wivu) eti kwa kula mboga nyingi. Kisha mkwaruzo unaondoka, ala zinasogea karibu, naye anaanza kujipinga: anakwenda, anabaki, hajui. Sehemu ya tatu ni nzito na ya polepole. Ucheshi umekwisha, anaomba, anakasirika, anaomba tena. Ni wakati alipokuwa ameachana na André 3000 wa OutKast, baba wa mwanawe wa kwanza. Mwimbaji anayetaka kujua kazi ya sauti asikilize neno moja tu, lile la kukana wivu mwanzoni, halafu asikilize anavyotamka maneno mepesi kama hayo mwishoni. Koo ni lile lile, pumzi imebadilika.

Nashauri daima: usijifunze "On & On" kabla hujaukalia "Green Eyes" kuanzia mwanzo hadi mwisho, umezima simu.

Dhana: Ana mtindo wa kuimba kivivu, anaburuta tu

Anachelewa kwa makusudi na anajua mdundo uko wapi. Katika "Didn't Cha Know", mtayarishaji J Dilla alichukua kipande cha "Dreamflower" cha kundi la Tarika Blue, besi ikawa inazunguka, na Badu anatua nyuma yake kidogo kila mstari, kwa kipimo kile kile. Jaribu kuimba huku ukipiga makofi mwenyewe. Makofi yakichelewa pamoja na sauti, basi hujachelewa, umepotea.

Dhana: Tyrone ni mwanamume anayefukuzwa

Siye. Tyrone ni rafiki wa huyo mwanamume, anayepaswa kupigiwa simu aje amsaidie kubeba vitu. Na wimbo huo uliingia kwenye albamu ya jukwaani, Live, mwishoni mwa 1997; vicheko na vifijo vya ukumbi ni sehemu ya muziki. Ndiyo maana ukiuimba mbele ya kioo chumbani unakufa mdomoni. Uimbe mbele ya watu.

Dhana: "Bag Lady" wa redioni ndio wa albamu

Ni matoleo mawili. Lililopigwa redioni na kwenye video limekaa juu ya mdundo wa "Xxplosive" wa Dr. Dre, nao ulitokana na muziki wa Isaac Hayes kwa filamu ya Shaft, 1971. "Bag Lady" ulifika nafasi ya 6 kwenye chati kuu ya Billboard. Lile la albamu ya Mama's Gun lina mpangilio mwingine, tulivu zaidi, na kwenye karamu watu hudhani DJ amekosea. Hajakosea.

Dhana: "Window Seat" ni video ya kuvua nguo tu

Video ya Machi 2010 ilipigwa Dealey Plaza, Dallas, alipouawa Rais Kennedy, katika mji aliozaliwa Badu. Alitozwa faini, kelele zikawa nyingi, na wimbo wenyewe ukasahaulika: mtu anayetaka kukaa peke yake dirishani, na papo hapo anataka atamaniwe arudi. Usikilize bila picha.

Dhana: Kiitikio cha "You Got Me" alikiandika yeye

Alikiandika mwimbaji Jill Scott. Kampuni ya kurekodi ya The Roots, kundi la hip-hop lenye wimbo huo, ilitaka jina kubwa zaidi, ndipo Badu akaitwa kukiimba, na mwaka 2000 wimbo ukapata Grammy. Jill Scott anakiimba mwenyewe kwenye The Roots Come Alive, albamu yao ya jukwaani ya 1999. Wanafunzi wangu huanza na toleo hilo la jukwaani, ndipo waende kwa Badu, wasikie ni noti zipi alizoziacha.