Mke anapougua saratani ya mlango wa kizazi: maswali ya mume na ndugu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanandoa na ndugu wa Mtwara na Lindi wanaomuuguza mwanamke aliyethibitishwa na daktari kuwa na saratani ya mlango wa kizazi.

Swali: Je, ugonjwa huu unaambukiza, na ni nani aliyeuleta ndani ya nyumba?

Jibu: Saratani yenyewe haiambukizi kwa kula, kulala wala kufua pamoja. Karibu kila mara chanzo chake ni virusi vya HPV, ambavyo huenea kwa kujamiiana na ambavyo watu wengi hupata wakati fulani wa maisha yao bila kuona dalili yoyote. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Pale vinapobaki, huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani, na muda mfupi zaidi kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika. Ina maana kwamba virusi hivyo huenda vilikuwamo mwilini mwa mmoja wao kabla hata ya posa, na hakuna kipimo kinachoweza kusema vililetwa na nani. Mume anayeanza kuhojiana na mkewe juu ya jambo hilo anampotezea muda wa matibabu.

Swali: Uamuzi wa matibabu ni wa mume, wa mjomba au wa mgonjwa?

Jibu: Katika koo nyingi za Kimakonde, Kimwera na Kiyao, mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake, na si ajabu rufaa ikakaa sandukuni kwa wiki kadhaa wakati ndugu wa mke wanasubiriwa na ndugu wa mume wanapendekeza mganga. Kikao cha ukoo kina kazi kubwa ya kufanya: nauli, watoto wabaki kwa nani, shamba litaangaliwa na nani. Lakini ridhaa ya kutibiwa hutolewa na mgonjwa mwenyewe, na anayo haki ya kuelezwa ugonjwa wake kwa jina. Kumficha kwa kumwonea huruma humwacha na hofu ambayo hawezi kuizungumza na mtu, kwani kwa kawaida ameshahisi.

Swali: Kwa nini akae Dar es Salaam muda mrefu hivyo?

Jibu: Wagonjwa wengi wa Kusini wanaohitaji mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Mionzi ya nje hutolewa kwa kawaida siku 5 kwa wiki kwa takriban wiki 5, mara nyingi pamoja na dawa za dripu, kisha hufuata mionzi ya ndani, yaani inayotolewa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni kwa muda. Matibabu yote yanapaswa kukamilika ndani ya wiki 8 hivi, kwa sababu kuyakatiza huipa saratani nafasi ya kukua tena. Hapa ndipo msimu wa korosho unapotugharimu, maana mgonjwa huomba ruhusa arudi kuokota na kubangua, au mume humwita. Ni afadhali ndugu wagawane mikorosho yake mapema, na mtu mmoja aende naye kumsaidia chakula, maji na kushika tarehe za kliniki. Familia iliyoishiwa fedha imwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Mwenye kufunga Ramadhani anaruhusiwa kula kwa sababu ya ugonjwa, na mionzi ya nyonga huharisha, hivyo maji ni ya lazima.

Swali: Na tendo la ndoa?

Jibu: Swali hili wengi huliona la aibu, nalo ndilo linalovunja nyumba. Mionzi hukausha na kubana uke, hukomesha hedhi na kuondoa uwezo wa kushika mimba. Wanandoa husubiri wiki kadhaa baada ya matibabu, mpaka daktari aruhusu, kisha huanza taratibu kwa kutumia kilainishi cha maji kinachopatikana duka la dawa. Mume hawezi kupata mionzi kutoka mwilini mwa mkewe. Mitishamba isiingizwe ukeni kwa ajili ya harufu au ukavu. Harufu ina dawa hospitalini.

Swali: Morfini humaliza mgonjwa?

Jibu: Hapana. Morfini ya maji, ikipimwa kama ilivyoandikwa na kutolewa kwa saa zake bila kusubiri maumivu yazidi, humwezesha mgonjwa kulala, kula na kukaa na watu. Huleta choo kigumu, kwa hiyo apewe pia dawa ya kulainisha. Huduma hii huitwa tiba shufaa, na inaweza kuanza tangu siku za mwanzo za ugonjwa. Damu nyingi, homa, mguu mmoja kuvimba au kukosa mkojo ni sababu ya kumpeleka hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Vipi kuhusu mabinti na dada zake?

Jibu: Wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa chanjo ya HPV bure, dozi 1 tangu mwaka 2024. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wapimwe mlango wa kizazi, na wanaoishi na VVU waanze mapema zaidi.