Draiva Zote za Linux Haziingii Kwenye Kompyuta Yako
Wengi hudhani kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo) ni nzito kwa sababu msimbo wake umejaa draiva (programu za kuendesha vifaa) za kila kifaa. Sivyo. Faili la .config, lenye machaguo ya ujenzi wa kerneli, ndilo huamua kipi kijengwe. Kwa mfano, CONFIG_E1000=y huitia draiva ya e1000 ya kadi za mtandao za Intel ndani ya kerneli yenyewe; =m huifanya moduli, faili la .ko linalokaa kwenye diski mpaka kadi ionekane. Distro (matoleo ya Linux kama Ubuntu) nyingi hupenda =m, na zina haki. Ukiikataa, obj-$(CONFIG_E1000) katika Makefile (faili la maelekezo ya ujenzi) hubaki obj- tupu, orodha isiyojengwa, hivyo kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) haiigusi draiva hiyo kabisa. Ila draiva ya diski yenye mfumo mkuu wa faili ikiwa =m na haimo kwenye initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa mwanzoni mashine inapowaka), mashine itakwama ikiwaka.