Unaenda Juani kutafiti kasa? Vibali kwanza

Kila msimu wa kasa kutaga, ofisini tunaulizwa swali lilelile: kisiwa cha Juani hakina mtu upande ule wanakotaga, kibali cha nini? Juani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini, yenye kilometa za mraba 822, na vijiji vimo ndani yake. Ufukwe usio na nyumba una wenyewe.

Mtafiti wa kigeni huomba kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, akiwa na mshirika wa Kitanzania, na utafiti wa wanyamapori hupitia pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Kibali hicho hakikupi haki ya kukaa nchini. Hiyo ni kazi ya Uhamiaji, kwa kibali cha ukaazi cha daraja C. Wala hakikuingizi hifadhini. Hiyo ni ruhusa ya Hifadhi za Bahari. Ukishuka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, ripoti wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji, ukiwa na nakala za karatasi, si picha kwenye simu. Mwanafunzi wa Kitanzania naye asituambie "nina barua ya chuo". Barua inakutambulisha tu. Haikuruhusu kumgusa kasa. Droni ina kibali chake, na "nilirusha mara moja tu" si utetezi.

Sampuli ndizo zinazowaponza wengi. Kasa wote wa baharini wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kipande cha ngozi cha ukubwa wa punje ya mchele, kikiwa kwenye kichupa cha spiriti, hakivuki mpaka bila kibali cha kukitoa nchini na kingine cha kukiingiza kinakokwenda. Ukikamatwa uwanja wa ndege, sampuli zinaweza kutaifishwa na wewe kushtakiwa. Mshirika wako aliyebaki nchini atatoa maelezo.

Ufukweni, kaa gizani na usubiri. Akishaanza kutaga, unaweza kumpima gamba kwa taa nyekundu hafifu. Kabla ya hapo, hata tochi ya simu inaweza kumrudisha baharini na mayai yake mia na kitu. Wanakijiji wanaolinda viota wanalijua hili kuliko wengi wanaokuja na shahada, kwa hiyo wakikuambia zima, zima.

Boti nayo ipangwe na maji. Yakishakupwa haifiki ufukweni, na asiyeuliza saa za kujaa hujikuta amebeba betri kichwani, matope magotini. Hilo halina kibali.