Kamera Mpya au Kazi Kwanza? Dhana Potofu za Mpiga Picha wa Wikiendi

Mtu ameajiriwa shuleni au benki, ana Canon 700D aliyoinunua kwa mapenzi yake tu. Anapiga bure ubarikio wa mtoto wa jirani. Picha zinapendwa, zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na baada ya wiki mbili anaulizwa: "Sendofu unachukua shilingi ngapi?" Kabla hajajibu, tayari anawaza kamera gani anunue.

Hapo ushauri humiminika kutoka kila upande, na mwingi unatoka kwa watu ambao hawajawahi kukabidhi hata albamu moja. Hizi ndizo kauli ninazozisikia zaidi, na ninavyoziona mimi.

"Huwezi kulipisha watu kwa kamera ya kujifunzia"

Unaweza, ilimradi uchague kazi. Hiyo 700D ilitoka 2013 na ina megapikseli 18, yaani picha yake ina nukta milioni 18. Picha yake ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi inajaza karatasi inayokaribia A3. Picha ya inchi 8 kwa 10, ile ya kutundikwa sebuleni, inataka megapikseli 7 na kidogo. Nikon D3 ya mwaka 2007, ambayo wapiga picha wa magazeti waliibeba hadi Olimpiki ya Beijing 2008, ilikuwa na megapikseli 12, na hakuna aliyelalamika kwamba hazitoshi. Isitoshe, picha nyingi siku hizi zinaishia kwenye simu, na zikipita WhatsApp zinabanwa hadi hutofautishi kamera ya shilingi milioni moja na ya milioni tano.

Kipaimara cha asubuhi, mahafali uwanjani, familia bustanini, vitenge na viatu vya mama anayeuza mtandaoni: kazi zote hizo zinalipwa, na kamera uliyonayo inazimudu. Kuhusu megapikseli sina la kuongeza.

"Fulu fremu ndiyo dawa ya giza la ukumbini"

Hii ndiyo inayokula pesa za watu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Fulu fremu ni kamera yenye sensa kubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga. Sensa yake ina eneo kama mara mbili na nusu ya sensa ya 700D, kwa hiyo gizani chenga, ule mchangamchanga kwenye picha, zinapungua. Hilo halina ubishi.

Sasa angalia kilicho mbele ya sensa. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera dukani, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kuingiza mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za Canon na Nikon, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Kumi, dhidi ya mbili na nusu. Pale ulipolazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kudaka mwanga, unaoleta chenga ukizidi) hadi 6400, unaweza kupiga kwa 640 au 800. Na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Kuna mtego mwingine ambao muuza duka hakuambii mpaka uulize. Lenzi za Canon zenye alama ya EF-S hazifungi kabisa kwenye 6D wala 5D, kamera zake za fulu fremu. Umenunua bodi, umefika nyumbani, huna lenzi. Za Nikon zenye alama ya DX zinafunga kwenye fulu fremu, lakini kamera inakata pembeni: D750 yenye megapikseli 24 inakupa kama 10. Kwa hiyo bei ya kuhamia fulu fremu ni bodi na lenzi zake, na mara nyingi lenzi ndizo zinazoumiza.

Hiyo f/1.8 nayo ina masharti yake. Ukiifungua yote ukiwa karibu, bibi harusi anatoka vizuri na bwana harusi aliyesimama hatua moja nyuma anakuwa ukungu. Halafu kwenye 700D lenzi ya 50 inaona finyu kama ya 80, hivyo kwenye sebule ya Sinza yenye ndugu ishirini utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta na bado shangazi wawili wamebaki nje. Kwa picha za makundi utarudi kwenye 18-55, na hapo kinachookoa ni flashi.

Flashi ya juu ya kamera, yenye kichwa kinachogeuka, ndiyo kitu cha kwanza ningenunua kabla ya bodi yoyote. Unaielekeza darini au kwenye ukuta, mwanga unarudi laini, na macho ya watu hayatoki kama ya sungura aliyemulikwa na gari. Ila dari yenyewe uiangalie kwanza. Kumbi zetu wapambaji huzifunika vitambaa, na ukipiga flashi kwenye kitambaa cha zambarau, shela nyeupe inarudi zambarau. Siku hiyo geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta uliobaki mweupe, au tumia kadi nyeupe mbele ya flashi.

Na ile mistari myeusi inayokatiza picha ukumbini, ambayo watu hudhani kamera imekufa? Mara nyingi ni taa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipiga kwa shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/320 ya sekunde, kamera inadaka kipande cha kupepesa. Shusha shata hadi 1/100, mistari inapungua au inakwisha. Taa za didjei ni habari nyingine, zina midundo yake, lakini za ukumbi zenyewe zinatii. Kuna watu wamepeleka kamera kwa fundi kwa ajili ya hili.

Sasa niwe mkweli: kuna mahali kamera ndogo inashindwa kweli. Ni pale maharusi wanapoingia. Taa zimezimwa, moshi umejaa, MC anapiga kelele, wale wawili wanacheza huku wanakuja moja kwa moja kwako. 700D ina pointi 9 za fokasi, yaani sehemu za kulenga ili picha itoke kali, na gizani zinahangaika. Lenzi inakwenda mbele na nyuma, unabonyeza haipigi, na wameshapita. Canon 6D ya 2012, ambayo leo inapatikana used, ina pointi 11 tu, lakini ile ya katikati imetengenezwa kufokasi kwenye giza la kiwango cha mbalamwezi. Kama kazi zako ni za kumbi za usiku, na unazikosa picha za kuingia, hiyo ni sababu halali ya kubadilisha bodi. Fokasi, si chenga. Chenga mteja hata hazioni, ila picha iliyokosa fokasi anaiona hata kwenye simu iliyopasuka kioo.

"Uza ya zamani uongezee"

Usiuze. Kwa kazi ya kulipwa, kamera ya pili ina thamani kuliko tofauti ya ubora kati ya ya zamani na mpya. Ndafu inakatwa mara moja, na kamera inaweza kugoma dakika hiyo hiyo. Ukiwa na ile "mbovu" begani ikiwa na lenzi yake, unaendelea. Ukiwa na moja ya gharama, unaanza kuomba msaada kwa mtu wa video.

Hili linagusa pia memori kadi. Watu husema kamera zenye nafasi mbili za kadi ni za wakubwa. Nikon D7000 ilikuwa nazo tangu 2010, na si fulu fremu. Kwa upande wa pili, 6D niliyoisifia ina nafasi moja tu, wakati 5D Mark III iliyotoka mwaka huo huo wa 2012 ina mbili. Kama una nafasi moja, nunua kadi kadhaa za ukubwa wa kati badala ya moja kubwa, badilisha baada ya kanisani, na ile iliyojaa iingie mfuko wa shati wenye kifungo, isirudi kwenye begi la kamera. Begi huibiwa.

Na betri mbili za ziada. Betri ni jambo la aibu kulizungumzia kwa watu wazima, lakini wapo wanaofika sendofu na betri moja.

"Wateja wanaangalia ukubwa wa kamera"

Baadhi, ndiyo. Kwenye kikao cha kamati hakosekani mjomba anayeuliza, "Kijana, unatumia kamera gani?" Ukimjibu 700D anaguna. Sitakudanganya kwamba watu hawahukumu kwa macho. Ila mjomba huyo huyo ukimpa sendofu moja nzima, tangu mapambo hadi zawadi, picha 80 zilizopangwa, hataendelea na swali lake. Anachoogopa ni hela za michango kupotea. Wanaoanza wengi huonyesha picha kumi bora kutoka shughuli kumi, na mwenye uzoefu wa kamati anajua kwamba picha kumi hazithibitishi kitu.

(Flashi kubwa juu ya kamera ndogo nayo inasaidia kwa mjomba. Sijui nicheke au nisikitike.)

"Itajilipa yenyewe"

Weka hesabu mezani. Tuseme bodi na lenzi ni shilingi 3,000,000, na shughuli moja unachaji 300,000. Toa bodaboda au Bolt ya kwenda na kurudi usiku, toa msaidizi, toa uchapaji wa albamu, toa bando la kupandisha picha. Ikibaki 120,000 umefanya vizuri. Hiyo ni shughuli 25 kabla kamera haijaanza kukuingizia hata senti, na hujajilipa zile usiku tatu za kuhariri baada ya kutoka kazini. Kwa shughuli mbili kwa mwezi, ni mwaka mzima na zaidi.

Tena shughuli haziji kwa mstari ulionyooka. Desemba unakataa kazi, Kwaresma na Ramadhani simu inalala. Mwaka 2026 vipindi hivyo viwili vilianza wiki ile ile ya Februari, kwa hiyo aliyekuwa na rejesho la mkopo kila mwezi alilitoa kwenye mshahara. Kama kamera ni ya mkopo, hesabu rejesho kwa miezi mibaya, usilihesabu kwa Desemba.

Ndiyo maana mimi ni mtu wa kukodi. Kuna wanaoona kukodi ni kujishusha, lakini hata makampuni makubwa ya video hukodi vifaa. Umepata harusi ya usiku yenye bajeti? Kodi 6D au 5D na lenzi kwa siku mbili, gharama iingie kwenye bei, na advansi ya mteja ilipe. Chukua siku moja kabla, si asubuhi ya shughuli, uzoee vitufe. Baada ya kuikodi mara kadhaa utajua kama unaihitaji au uliipenda tu.

"Used ni kununua matatizo"

Inategemea unavyokagua. Idadi ya shata, yaani picha ambazo kamera imeshapiga, ni muhimu, lakini watu wameigeuza ushirikina: 5D Mark III imekadiriwa shata 150,000, na kadirio hilo si siku ya kufa. Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni kuvu. Unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja unaotesha nyuzi nyeupe ndani ya lenzi, kama utando wa buibui, na fundi akizisafisha zinaweza kurudi. Zima taa ya duka au nenda kona yenye giza, washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona utando, rudisha kwa adabu. Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, ikuze: madoa meusi yasiyohama ni uchafu wa sensa, husafishika, ila ni hoja ya kupunguziwa bei. Ukishanunua, usiifungie kabatini kwenye begi lake. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na vipakiti vya kukausha unyevu kinalinda kuliko begi la laki mbili.

"Nitajua tu wakati ukifika"

Utajuaje? Fungua picha za kazi zako za karibuni, na safari hii tazama zile ulizozifuta au kuzificha. Kila picha inahifadhi shata, ISO na tundu la lenzi, programu yako ya kuhariri inazionyesha. Kama nyingi zina mtikisiko kwa 1/30, ulikosa mwanga: flashi, au lenzi ya f/1.8. Kama zina chenga kwa f/5.6, tatizo ni lenzi, bodi iache. Kama ulifika f/1.8, flashi ilikuwepo, na bado fokasi ilitua kwenye mapazia ya nyuma shughuli baada ya shughuli, basi nenda kanunue bodi bila kumuuliza mtu. Na kama nyingi zimeharibiwa na mgongo wa mgeni aliyesimama mbele yako ameinua simu, hiyo hakuna duka Kariakoo linaloiuza dawa yake. Kaongee na MC mapema.